Mchuzi Mzito Usiotiwa Unga

Mama Neema wangu uliyetangulia,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwetu Nakwa, sufuria bado ya moto.

Mkoa wetu mpya ulipoanza, wewe uliwapikia wapangaji wetu, wafanyakazi wa ofisi za mkoa, perege wa ziwani. Mchuzi uliuzidishia uzito kwa unga mweupe wa muhogo, ule unaotuama chini ya maji muhogo ukishakunwa na kukamuliwa. Siku moja nilikusaidia, nikatia unga mkavu kwenye mchuzi unaochemka. Madonge matupu!

"Mwalimu mzima!" ulicheka. "Unakorogwa kwanza kwenye maji baridi."

Ukanionyesha: mchuzi unakuwa mweupe kama maziwa, kisha weupe unapotea. "Ukiiva huuoni tena," ulisema, "ila mwiko unajua."

Tangu tumalize msiba wako, mchuzi wangu unakuwa mzito bila kutiwa kitu. Binti yetu Neema alidhani natia unga kisha nasahau. Akalichukua kopo la unga, akaenda nalo kwake kule Mutuka. Mchuzi ukazidi kuwa mzito.

"Baba, unahamia kwangu," akasema. "Ama unasahau unachofanya, ama..."

"Nikachungwe na mkwe wangu kama ndama?"

Nilijibu kwa utani, lakini niliogopa. Kama ni wewe uliyemo humu, nitaiachaje nyumba? Na kama ni akili yangu inayoondoka, nitabakije peke yangu?

Kwa hiyo leo mchana nimelipima jambo hili, kama nilivyozoea darasani. Neema ameosha sufuria mwenyewe, akateka maji mwenyewe, akatia chumvi tu. Mimi nimekaa mlangoni, mikono mapajani.

Maji yakachemka. Yakawa meupe. Weupe ukapotea. Neema akatumbukiza mwiko, akautoa polepole. Ulikuwa umevikwa kitu kizito kinachong'aa. Aliuweka chini, akapiga goti mbele ya jiko.

"Shikamoo, mama."

Tukasubiri. Hukuitikia.

Amerudi Mutuka bila kunitajia tena habari ya kuhama, wala hakugeuka nyuma alipofika barabarani. Mimi nabaki.

Pumzika, mke wangu, kama unapumzika. Ila kama si wewe, niambie mapema, maana nimeshapakua sahani mbili, na nimeshasema karibu.

Mumeo,
Baba Neema