Kona Isiyokauka

6 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kifua kimekuachia nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo, isipokuwa macho ya Mama yanazidi kufifia. Juzi alilisalimia koti lililotundikwa mlangoni, na lilipokaa kimya akasema watu wa siku hizi hawana adabu.

Kiwanja chako kimepata mtu. Ni mwoka mikate wa mtaa wa pili, yule tunayemwita Unga kwa kuwa hata kope zake ni nyeupe. Hatukumtafuta dalali, tumezungumza wenyewe, mkewe akiwepo. Kizuri chajiuza, sikuhitaji maneno mengi. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye kona ya nyuma, ambako majani hayakauki hata kiangazi. Nikamwambia, "Tazama mwenyewe, ardhi hii ina baraka." Akapapenda. Hapo ndipo atakapojenga tanuri lake jipya la matofali, kubwa kama chumba. Aliniuliza kama kiwanja kina kasoro yoyote, nikamjibu kwa moyo mweupe kwamba hakina.

Bei aliyokubali inatosha nauli yako, kuja na kurudi. Mama ameniamuru nitandike kitanda cha chumba cha uani tangu sasa. Nikamwambia kitashika vumbi kabla hujafika, na vumbi hilo litakuwa la nani? Akasema litakuwa lako, Mjomba. Basi nimetandika, kwa shuka niliyoishona mwenyewe.

Mpwa wako mshonaji

27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Kifua hunung'unika asubuhi, ikifika mchana kimesahau. Mvuke wa pasi za dobi wa chini bado unapenya kwenye mbao za sakafu yangu, kwa hiyo baridi hainipati sana, ila vitabu ninavyojalidi havikauki gundi upesi.

Barua yako niliisoma nikicheka mpaka nilipofika kwenye kona. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Mwanangu, majani yale hayana baraka, yana choo. Pale ndipo palipokuwa na choo chetu cha shimo. Baba alipochimba kingine upande wa pili, kile cha zamani tulikijaza matawi na takataka, tukamwaga udongo juu, tukaukanyagakanyaga, tukaondoka. Mama yako alikuwa amekwisha kuolewa, ndiyo maana hajui kilipofukiwa. Choo chenyewe anakijua. Muulize buti langu la mpira liliishia wapi.

Matawi yale yameoza zamani. Chini ni uwazi uliofunikwa kwa majani mazuri. Sasa weka tanuri la matofali juu yake, na mtu amesimama mbele akichochea moto. Sentensi hiyo sikuimaliza, nawe usiimalize.

Ulipomwambia hakuna kasoro hukujua. Huo haukuwa uongo, lilikuwa kosa. Lakini ukishaikunja barua hii unajua, na kosa lisiposemwa hubadilika jina. Mwambie kabla hajaanza kujenga. Akighairi, aghairi.

Mjomba wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. U mzima? Dada yangu je, bado anasalimiana na makoti?

Sijapata jibu. Siulizi habari za mauzo, nauliza habari za tanuri. Ukimya huu naufahamu. Ni ule wa mama yako alipokuwa ameunguza sufuria na kuificha chini ya kitanda. Harufu ndiyo iliyomfichua.

Andika, hata kama ni mstari mmoja.

Mjomba wako

21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua zako zote mbili zilifika. Nisamehe.

Nilikuwa nikienda dukani kwa Unga kila siku ili nimwambie. Nikifika mbele yake, mdomo unasema, "Nipe mkate mmoja." Mikate ikajaa nyumbani mpaka Mama akauliza, "Kwani tuna wageni?" Nikasema hapana. "Basi mikate yote hii inamngoja nani?" Hapo nikalia, nikamsomea barua yako.

Mjomba, sikuogopa aibu. Niliogopa kwamba nikisema, huji. Na macho ya Mama hayana subira. Anataka akuone, kukusikia kumemchosha.

Kwenye buti alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akasema, "Mdogo wangu hawezi kulala kwenye kitanda ambacho mtu mwingine amedidimia shimoni kwa ajili yake. Nipe fimbo yangu."

Tulimkuta Unga kiwanjani, matofali yanashushwa. Nikamwambia, "Kaka Unga, nilikuambia hapana kasoro. Ipo, nawe umesimama juu yake." Nikaeleza yote. Akachukua nondo, akaikandamiza ardhini. Ikazama kama kisu kwenye mkate uliotoka motoni. Akaivuta polepole, akainusa ncha. Mkewe akamwambia, "Ndiyo baraka yako hiyo. Ulitaka kutulisha mikate ya chooni." Unga hakucheka. Akawaambia wapakiaji warudishe matofali garini, akaondoka bila kutuaga.

Kibaya changu nimekitembeza mwenyewe, Mjomba. Mama alirudi nyumbani amenishika bega. Kitanda sijakitandua.

Mpwa wako

12 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, marahaba tena. Umefanya. Nikikusifu zaidi utaanza kunituma dukani.

Nilipomaliza kusoma nililirudisha sanduku langu juu ya kabati. Lilikuwa limeshuka, sijui nani alilishusha.

Mwambie dada yangu asihuzunike, nitamwandikia sura yangu. Nimefanana na Baba, ila masikio yamezidi. Kichwa cheupe, si cha unga. Nikitembea, mguu wa kushoto bado unaburuta kisigino, kama zamani dada yangu alipokuwa akinigombeza. Msomee polepole, akiwa amefumba macho.

Mjomba wako

30 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama nilimsomea kama ulivyoniagiza. Kwenye kisigino akaniambia rudia.

Jumapili Unga alibisha hodi, mkate kwapani. Akakaa, akakataa chai, kisha akaiomba. Akasema, "Nimezunguka mji mzima kutafuta kiwanja. Nilivyoonyeshwa vyote, wenyewe wanasema havina kasoro. Hata kimoja hakina. Nimeogopa. Chenu angalau najua ubaya wake umelala wapi."

Basi amekinunua, kwa bei ya chini, maana imebidi shimo lifukuliwe lote na kujazwa mawe. Tanuri limejengwa upande wa lango, kwenye mwamba. Mkewe alilipiga teke kwanza kabla ya kuliamini.

Wachimbaji walitoa buti moja la mpira, la mtoto, la mguu wa kushoto. Mama hakuniachia nilioshe. Alilisugua mwenyewe, akalipapasa mpaka akafika kwenye kisigino, kilicholika upande mmoja. Akasema, "Ni yeye." Amelianika mlangoni, chini ya lile koti.

Nimepiga hesabu, nikairudia. Nauli ya kuja imetimia. Ya kurudi haikutosha. Nimemweleza Mama. Amesema hiyo yeye hakuiomba.

Mpwa wako