Ukuta Unaovuma Saa Nane

Jumatatu, 3 Machi

Jumbe arobaini tangu Alhamisi! Zote kuhusu yale mawe yanayohama yenyewe shambani. Mwalimu mmoja mstaafu anasema yanavutwa na mwezi. Msusi wa karibu na kituo chetu anasema yanahama watu wasipotazama, kwa sababu yana haya. Nampenda sana msusi yule. Kipindi changu cha redio ni robo saa tu, saa nne asubuhi, lakini kuna watu wanaacha chai ipoe kwa ajili yake. Mimi siamini wala sikatai. Nauliza, nacheka kidogo, naaga. Mhariri ana sharti moja: usitoe jibu hewani. Msikilizaji akishapata jibu anazima redio.

Sasa ya jana. Chakula cha mchana kwa mama, mimi na kaka. Katikati ya kula mama akaweka kijiko chini, akasema ukuta wake unavuma. Ule wa nyuma ya cherehani. Unaanza saa nane mchana, unanyamaza kwenye saa kumi na moja. Kila siku isipokuwa Jumapili. Nikamuuliza kama Jumapili unakwenda kutembea. Mama mwenyewe akacheka.

Kaka hakucheka. Yeye ni mfamasia, kwake kila mtu ana dalili. Alinivuta ukumbini: mwezi uliopita mama kasahau pasi juu ya gauni la mteja, wiki iliyopita kasimulia habari moja mara tatu, leo kuta zinaongea. Anataka kumhamishia kwake. Chumba kimeshapakwa rangi. Tarehe kumi na tano mwenye nyumba arudishiwe funguo zake. Na cherehani? Wifi hawezi kelele, itatafutiwa mtu.

Itatafutiwa mtu! Miaka thelathini na mmoja mama ameshona katika chumba kile. Sote wawili tumesomeshwa na mguu wake wa kulia. Nikapandwa na jazba. Nikasema nitakwenda na kinasa sauti, kama mvumo upo kitaunasa. Kaka akauliza, kisiponasa je? Na mimi, kwa mdomo wangu huu usio na breki — nikamwambia nitamsaidia kufunga mizigo.

Jumatano, 5 Machi

Nilifika saa saba na nusu. Mama kavaa gauni la kutokea, utadhani anakwenda kupigwa picha. Kasogeza hata kopo la pini lisionekane. Nyuma ya ukuta ule kuna ghala la jengo, limefungwa miaka na miaka, kufuli limeota kutu. Funguo anazo mwenye nyumba, au anasema anazo.

Saa nane na dakika tano mama akainua kidole. Huo! Nikabandika sikio. Ubaridi wa rangi. Damu yangu mwenyewe ikidunda. Feni ya jirani. Mtoto wa ghorofa ya juu akikariri jedwali la saba. Mama akaniuliza, unausikia? Nikasema labda.

Uso wake ulivyoanguka! Akanishika mkono, akaubandika ukutani. Huu si wa sikio, alisema, ni wa kiganja. Kiganja changu kilikuwa kinatetemeka chenyewe kwa wasiwasi, nitajuaje kipi ni kipi? Nikasema tena labda. Nimerekodi saa nzima. Niliondoka bila kula, na mama hakunilazimisha.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya. Rekodi nzima kimya!

Fundi mitambo wetu tunamwita Waya, kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Aliniletea rekodi ikiwa safi kabisa, dakika tano kabla ya kipindi. Feni ipo. Mtoto yupo na jedwali lake lote, hata pale alipokosea saba mara nane. Ukuta — hakuna. Nikarudia. Hakuna.

Nikafanya ninachokijua. Nikafanya utani. Nikasema kuna bibi mmoja ana ukuta unaovuma, tumeupelekea kinasa sauti, ukuta umekataa kuhojiwa. Simu zikamiminika. Mzee mstaafu wa reli: ni njia ya treni ya chini kwa chini, ilichimbwa ikasahaulika. Dereva wa teksi: ni chombo cha kutoka angani, kimeegeshwa hapo na injini haikuzimwa. Msusi: kuta nazo zina haya. Nilicheka hewani mpaka machozi yakanitoka. Nyuma ya kioo Mhariri alikuwa ananipigia makofi yasiyosikika.

Jina sikulitaja. Lakini jengo zima linajua ni bibi gani alikuwa anawauliza watu ngazini kama wanausikia mvumo.

Adhuhuri nilimpigia mama. Akapokea, hata "haloo" hakusema. Halafu akasema alinipa neno la nyumbani, mimi nimekwenda kuwachekeshea watu. Akakata.

Kaka ameleta ujumbe mmoja: "Nimesikia. Mashine haina upande, mdogo wangu. Jumamosi ya tarehe 15 njoo na maboksi."

Nimejichukia leo. Mchana kutwa nimejichukia.

Jumamosi, 8 Machi

Mama anagawa vitambaa. Amekaa mlangoni, majirani wanapita, huyu anapewa kipande cha pazia, yule bitana. Nimeomba radhi kwa kila namna niijuayo. Akasema, yameisha. Sauti ile ya "yameisha" naijua tangu utotoni, maana yake hayajaanza.

Nikauliza kuhusu ukuta. Siusikii tena, akasema. Kaseme hivyo redioni kwako.

Lakini kitanda kimehamia upande wa pili wa chumba, mbali na ule ukuta. Kakivuta peke yake, michirizi ya miguu ya kitanda iko sakafuni. Na saa nane ilipogonga aliinuka akaenda kuosha vikombe ambavyo nilikuwa nimevikausha muda si mrefu. Nilisimama nyuma yake nimeshika kitambaa, nikavikausha tena kimoja kimoja.

Jumatatu, 10 Machi

Mhariri anataka sehemu ya pili. "Wazee na sauti wanazozisikia." Nimemwambia nina homa. Sina homa.

Jumanne, 11 Machi

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa kituo na Waya, tunakunywa chai. Nikalalamika tu, kama watu wanavyolalamika — saa nzima ya kurekodi, hata mngurumo mmoja! Waya akasema kwa fahari, utausikiaje dada, na mimi kila kitu nakiosha?

Kuosha. Nyuma ya studio kuna jenereta, linanguruma tangu asubuhi, na lilikuwa linaingia katika kila rekodi. Kwa hiyo kila kinachoingia kwenye mashine ya Waya kinapita kwanza kwenye chujio, sauti zote nzito za chini zinakatwa kabla hata hajasikiliza. Mahojiano, mpira, matangazo ya vifo, vyote. Miaka sita sasa. Hafikirii tena, ni kama mtu anavyojikung'uta viatu mlangoni. Na aliyemwomba aanze kuosha ni mimi! Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza, nililalamika kuwa wageni wangu wote wanaongea kama wamekaa juu ya lori.

Tukatazamana. Waya akasema polepole: ulikwenda kurekodi mvumo, halafu ukaniletea mimi.

Kadi ya kinasa, yenye rekodi ya asili, tukaikimbilia. Mwenzetu wa michezo kaifuta tangu Ijumaa, kajaza mahojiano na kocha. Dakika arobaini za kocha! Saa ya ofisini ilisema nane kasoro tano, na mimi nina habari za saa nane. Nikasoma habari. Sikumbuki hata moja.

Kesho. Kesho ndiyo siku.

Jumatano, 12 Machi

Waya amekuja mwenyewe. Mimi peke yangu nisingefunguliwa mlango, lakini mama hawezi kumfukuza mgeni. Waya akachomoa kila kitu chumbani, hata taa. Betri tu, asije mtu akasema ni umeme wetu wenyewe unaolia. Akavaa hedfoni zile kubwa, akafumba macho.

Saa nane na dakika saba akanivika mimi.

Upo! Mnene, wa chini, kama mtu mzima anayeguna usingizini. Nililia pale pale, mbele ya mgeni. Mama hakulia. Alichukua hedfoni, akaziweka juu ya kilemba, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kama anayeitambua sauti ya jirani. Huo huo, akasema. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Kitindamimba wangu," akasema, "mimi nilitaka mtu aniambie ndiyo. Basi." Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema nisije nikayasahau.

Waya ndiye aliyenitia baridi. Tukiwa nje akasema kwamba kila baada ya muda mvumo unakatika kidogo, halafu unaanza tena kwa shida. Kuna kitu kinazunguka huko ndani, dada, na kinakwama.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesema hewani. Yule bibi mmoja ni mama yangu. Kinasa kilinasa, sisi ndio tuliokata. Nikaomba radhi, nikaweka sauti, haijaoshwa, na jenereta letu likinguruma juu yake. Nyuma ya kioo Mhariri alikuwa amekunja mikono. Nikajua nitaitwa ofisini. Nimeitwa.

Lakini simu! Ya kwanza, mwanamume wa ghorofa ya pili katika jengo lile lile. Anausikia mwaka wa pili huu, hajamwambia hata mkewe, anaogopa ataonekana kachanganyikiwa. Baada ya dakika tatu anapiga mkewe, yuko kazini kwake — naye anausikia, naye alinyamaza! Halafu mama wa yule mtoto wa jedwali la saba. Anasema mtoto anakariri kwa sauti kila siku saa nane kwa sababu anauogopa ule mvumo, na yeye alikuwa akimsifu kwa bidii.

Jengo zima walikuwa wanamwona mama kachanganyikiwa, kila mmoja ameweka mkono kwenye ukuta wake!

Jioni kaka akaja kwa mama. Nikampa hedfoni. Akasikiliza mara mbili, kasimama, ufunguo wa gari mkononi. Nikangoja samahani. "Basi mama haumwi," akasema, akamshika mama bega. Nikataka kumkumbatia. Hapo akajikohoza: basi nyumba ndiyo inayoumwa. Sababu zaidi ya kumtoa.

Maneno ya Waya yalikuwa yananizunguka kichwani — kinakwama, kinakwama. Nimempigania mama nikampa kaka silaha.

Mama akatuuliza kama tumemaliza kumgawana. Anataka ghala lifunguliwe, mbele ya macho yake. Kitakachoonekana ndani, yeye ndiye atakayeamua anakaa au anaondoka. Kaka akasema, na gari linakuja Jumamosi vyovyote vile.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nimekaa juu ya boksi, chumbani kwa mama. Gari liko nje. Maboksi mawili yamejaa, na nimeyajaza mimi, ahadi ni ahadi. Cherehani sijaigusa.

Mwenye nyumba yuko ukumbini na rundo la funguo, hakumbuki upi ni upi. Majirani wote wametoka. Wanabishana: mzee wa ghorofa ya pili anasema pampu ya maji, mkewe anasema si pampu, pampu haipumziki Jumapili. Mtoto wa jedwali la saba anashikilia ni chombo cha angani, kamsikia dereva wa teksi redioni.

Saa nane. Kimya.

Saa nane na dakika kumi. Waya ana hedfoni, ananitazama, anatikisa kichwa. Hakuna kitu. Leo! Kati ya siku zote!

Saa nane na robo. Kaka ametazama saa yake. Amesema "mama" kwa ile sauti ya upole anayowasemesha wagonjwa. Mama yuko kwenye kiti cha cherehani, kiganja ukutani. Anasema haujaisha, umefifia. Anasema tena, si wa sikio.

Nimeinuka nikaweka kiganja changu. Nimengoja. Kisha nikasema ndiyo, kwa sauti, kila mtu asikie. Kaka akasema nisimdanganye mama. Nafikiri sikudanganya.

Mama hakunitazama. Alikuwa anamtazama kaka.

Ufunguo wa tisa umegoma. Mwenye nyumba anaulizia nyundo. Dereva anapiga honi nje, mara ya pili sasa. Kaka amevua saa, sijui kwa nini, akaiweka juu ya cherehani. Amekunja mkono wa shati. Amebandika kiganja ukutani, karibu na cha mama.

Honi tena. Kaka hakugeuka.

Ni dakika ya tatu. Mkono hajautoa.