Ngoma Zimerudi 60

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, na unisamehe kwa simu zako zote ambazo sikupokea. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Mimi mwili hauna neno. Habari nyingine utaikuta mbele.

Kile kimashine changu cha kutungia muziki, ulichokiita kikokotoo cha mchawi, bado ninacho. Kinaingia mfukoni, na nyimbo zake huandikwa kwa namba, mstari kwa mstari. Ulicheka sana nilipokwambia kwamba humo baada ya 9 inakuja A, kisha B, mpaka F, ndipo 10 inaingia, nayo maana yake ni kumi na sita. Ukasema kumbe sisi wanamuziki hata kuhesabu kumetushinda. Sauti ya kila ala nayo ina namba: 00 ni kimya, FF ndiyo mwisho, huwezi kupanda zaidi.

Basi tangu mwaka jana mashine ikaanza kufifia. Ngoma nilizokuwa naziweka 60 nikazipandisha 90, halafu C0, mpaka majuzi nikagota FF. Nikailaumu programu yake ya ndani. Kila watengenezaji walipotoa mpya niliipakua, nikaihamishia kwenye kadi, nikawasha mashine huku nimeshikilia kitufe, nikangoja bila kupumua. Iliwaka vizuri, ila muziki ulikuwa kama unapigwa nyumba ya jirani.

Mwishowe nikaipeleka kwa fundi redio, nikamwambia imekufa sauti. Alivaa hedifoni, akabonyeza, akazivua upesi kama aliyeungua. Kisha akafungua nyimbo zangu za zamani na za karibuni, akanionyesha namba zilivyokuwa zikipanda wimbo hadi wimbo. Nilikuwa natazama midomo yake. "Kaka, mashine yako nzima. Kapime masikio."

Nimepima. Daktari alinieleza mpaka akachoka, akaishia kuniandikia. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia linafuata, na dawa hakuna. Nimelia, Dada, kama mtoto. Ndiyo maana sipokei simu: naona jina lako linawaka, naogopa kuiweka sikioni nikakukosa. Mama usimwambie kwanza. Nikija nitamwambia mwenyewe.

Wimbo wa harusi ya binti yako nimeumaliza, umo kwenye kadi niliyoifunga na barua hii. Ngoma nimezirudisha 60, kwa kuziamini namba. Zikiwa na kelele niandikie ukweli, usinionee huruma. Mstari wa 2C nimeweka kile kicheko chako nilichokirekodi jikoni tukimenya viazi. Kila nikiucheza wimbo nautazama mstari huo ukipita kwenye kioo, najua hapo unacheka.

Nisalimie wote, na bibi harusi mpe mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Bwana Vitufe, kama ulivyoniita mwenyewe