Mipapai Inanyauka, Mke Anasema Sikai Nyumbani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapoteza mke na mipapai kwa mpigo mmoja, maana nimefika mahali hata sijui nianzie wapi kueleza, na ukiona barua hii inakwenda mbele na kurudi nyuma ujue ndivyo kichwa changu kilivyo siku hizi.

Mimi ni fundi bomba, nina mke, tunaishi kwenye nyumba yetu wenyewe yenye kiwanja kidogo nyuma, na mke wangu tangu tuhamie alikuwa na hamu ya mipapai, akaotesha miche kwenye makopo, akaipenda kuliko hata mimi, na kabla hajasafiri kwenda kumuuguza mama yake aliyevunjika nyonga tuliipanda pamoja, yeye ameshika mche na mimi nachimba, na nilichimba kweli mshauri, mashimo ya kufika gotini, kwa sababu udongo wa juu kwetu ni mweusi, laini, ukiufikicha mkononi unachambuka vizuri, lakini ukishuka kama shibiri mbili unakutana na udongo mwingine wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, mgumu mpaka sururu inadunda, nami nikasema siwezi kushindwa na udongo mbele ya mke wangu, nikautoboa hivyohivyo, nikafukia kwa ule laini na samadi. Akaniambia, "Mume wangu, leo umefanya kazi." Akaondoka na furaha, akaniachia neno moja tu: "Maji usiyasahau."

Sikuyasahau. Jua ni kali, kila asubuhi kabla sijabeba mkoba wa spana namwagilia, jioni nikirudi namwagilia tena, lakini ile mipapai ikaanza kulegeza majani mchana kama kitu chenye kiu, nikaongeza maji, ikazidi kulegea, majani ya chini yakawa njano, nikaongeza tena, na kadiri ninavyoongeza ndivyo inavyonyauka, na jioni nikirudi nakuta juu pamekauka, nikipiga hatua mbili vumbi linatimka, sasa maji yote yale yanakwenda wapi? Jirani anasema ni mchwa, mimi mchwa sijamwona. Aliyetuuzia mbegu anasema ni samadi. Na juzi mteja mmoja anayekaa chini kidogo ya mtaa wetu aliniita eti bomba linavuja, uani kwake panachuruzika maji, nikafukua bomba lote, zima kabisa, halina hata jasho, kwa hiyo hata kazini nimeanza kujitilia shaka.

Sasa sikia balaa lenyewe. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, alipita nyumbani nikiwa kazini, akaipiga picha mipapai akamtumia mke wangu. Jioni simu ikalia.

"Hiyo ni mimea ya nyumba yenye mtu?"

"Mke wangu, namwagilia asubuhi na jioni."

"Maji yamwagwe, majani yanyauke?" Akacheka kile kicheko chake kisicho na furaha. "Basi nitajie jina lake tu."

"Jina la nani?"

"La huyo anayekuzuia kurudi nyumbani."

Mshauri, niliogopa, na mtu akiogopa hufanya upumbavu. Kuna mpapai mmoja ulijiotea wenyewe juu ya kifusi cha udongo uliobaki tulipokuwa tunajenga, nadhani tulitupa mbegu pale, sijawahi kuumwagilia hata kikombe kimoja, na ndio umenenepa, majani kama miavuli! Nikaupiga picha nikamtumia, nikaandika, "Ona, mmoja wa miche yako huu hapa." Dakika haikupita akajibu, "Na lile sinki lako bovu limehamia lini kwenye bustani yangu?" Ni sinki nililolitupa pale kifusini, kumbe limo pembeni mwa picha na sikuliona. Sasa anasema anarudi mwisho wa mwezi, na begi lake atalishusha kwa dada yake, si kwangu.

Sijamsaliti, naapa. Rafiki yangu ananishauri nikubali kosa nisilolifanya niombe msamaha yaishe. Mimi nimefikiria kununua mpira nifungulie maji mipapai usiku kucha, labda itafufuka kabla hajafika. Nifanye lipi? Ataniaminije, ikiwa hata mimi nikiiangalia ile mipapai naona kama kweli sijaimwagilia?

Ni mimi,
Fundi nisiyeelewa

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, weka ndoo chini kwanza.

Barua za wanaume wanaoapa kwamba hawajasaliti napokea nyingi, na nyingi nazisoma nimebinua mdomo. Yako nimeiamini, kwa sababu mwongo angetafuta kisingizio kinachoeleweka. Pole kwa kuhukumiwa bila kosa. Nimekua nikipalilia shamba lenye udongo kama wa kwenu, na marehemu baba alizika michungwa mingi kabla hajaijua tabia yake, kwa hiyo leo sihitaji kumuuliza mtu.

Mipapai yako haina kiu. Inazama. Mzizi nao unataka hewa, na ukikaa ndani ya maji unaoza, na mzizi uliooza haunywi hata ukiwa umelowa, ndiyo maana majani yanalegea vilevile kama ya mmea wenye kiu. Wewe ukaona kiu, ukaongeza maji, ukawa unamlisha mtu aliyeshiba mpaka apasuke. Huo udongo mweusi wa juu, tifutifu, ni mzuri na unakunywa maji upesi. Ule wa kijivu wa chini umeshikamana, unapitisha maji kwa kudondoka tu, na yale madoa ya kutu uliyoyaona kwa macho yako yalikuwa yanakuambia kwamba hapo maji huwa yanatuama. Ukatoboa shimo humo, ukalijaza udongo laini, ukamimina maji. Umejenga sinki lisilo na tundu la kutolea maji, wewe, fundi bomba! Mganga hajigangi, lakini wewe umezidi.

Maji yakishindwa kushuka huteleza juu ya tabaka hilo yakifuata mteremko mpaka yapate pa kutokea, kwa hiyo usishangae ukisikia ya uani kwa mteja wako yanatoka kwa watu wa juu kama wewe. Rudi ukamfukie bomba lake vizuri. Na ule mpapai wa kifusini umenenepa kwa kuwa umepanda juu, mizizi yake iko kwenye udongo uliochambuka na hakuna aliyeuonea huruma.

Sasa kuhusu ile picha. Hapo nimekukasirikia! Ulikuwa na ukweli mtupu mkononi, ukaenda kuazima uongo, tena uongo wenye sinki. Mkeo alikuwa na wasiwasi tu, wewe ukampa ushahidi. Na huyo rafiki yako mwambie akaungame makosa yake mwenyewe. Ukikiri hawara usiye naye leo, kesho utaulizwa anakaa wapi.

Mpigie mkeo leo, kabla hujagusa jembe. Anza na picha: mwambie ulidanganya, uliogopa. Halafu mwambie hili ambalo hukumwambia hata siku moja, kwamba mimea inakufa mikononi mwako na huelewi kwa nini. Ulikuwa unamjibu "namwagilia, namwagilia" kama karani, na mtu anayejibu hivyo hata mimi ningemtilia shaka. Mwulize pia mama anaendeleaje. Katika barua yako yote hukuniambia kama umewahi kumwuliza.

Ukimaliza simu, acha kumwagilia. Mpira usinunue. Lile tabaka gumu usilichokonoe sasa likiwa limelowa, ukilikanyaga kwenye tope utalishindilia zaidi. Chimba mfereji upande wa mteremko ili maji yapate njia, inua matuta ya udongo mweusi na mboji, na miche mipya muipande juu ya tuta, siyo shimoni. Wala usije ukaapa kutomwagilia tena maishani, maana udongo huo wa juu ni haba na kiangazi kikikolea hukauka upesi. Ingiza kidole chote kwanza. Kikitoka kikavu, mwagilia kidogo.

Lakini mpapai mmoja, ule uliochoka kuliko yote, uache kama ulivyo. Mkeo akifika, hata kama begi limebaki kwa dada yake, mwombe aje aung'oe yeye mwenyewe, na wewe usimame pembeni ufunge mdomo. Tabaka lile haliachii maji haraka, siku chache hazitalikausha. Atazamisha mkono katikati ya vumbi atoe tope linalonuka, na maji yatajikusanya pale alipong'oa, naye atajiuliza ni nani aliyeyaleta. Ndoo zako za kila asubuhi na kila jioni hazijaenda popote, fundi. Zote zimo humo shimoni, zinamsubiri.