Siku Niliyoomba Ruhusa Kuchunga Sufuria

Kwa Mama Nanjala wangu,

Salamu hizi zikukute umeketi, ingawa nakujua, huketi. Mgongo umepoa tangu mmalize kupukuchua mahindi? Na binti yetu, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uingereza inaingia mpaka kwenye meno.

Ile fomu ya kuongeza miaka mitatu kazini walitaka jibu wiki hii. Nilikuwa nimeshaamua kuweka sahihi ili tumalize nyumba. Wewe uliniambia, "Amua tu, lakini usiniambie ati ni kwa ajili yetu." Maneno hayo yaliniuma, nikajifanya simu imekatika. Nisamehe.

Sasa sikiliza. Juzi nilipika. Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma. Binti wa yule mzee ninayemtunza alinipa sufuria ya umeme, ile ya kupika polepole kutwa nzima, akaniandikia na namna ya kupika nyama ya ng'ombe kama ile watu wananunua kwa Wachina wakabeba nyumbani. Unaikata nyembamba, unatia mchuzi wa soya, sukari ya kahawia, tangawizi na kitunguu saumu, unafunika, unaenda kazini. Ukirudi jioni unakuta imeiva.

Hapo pa kwenda kazini ndipo niliposhindwa. Kwetu nani huacha nyama motoni akaondoka? Nikaomba ruhusa ya siku moja, nikavuta kiti, nikakaa na sufuria yangu. Kila baada ya dakika kumi nafunua, nageuza, nanusa, nafunika. Saa nane mchana nyama ilikuwa bado ngumu kama soli ya kiatu. Kevo, yule kijana wa kwetu Kipsongo ninayeishi naye nyumba moja huku, akapita akienda zamu.

"Bado unachunga hiyo kitu? Si ungeenda job tu, bana. Hiyo ilitengenezewa watu hawana time. Na ukiifunua-funua hivyo itaiva lini?"

Nikaacha kuifunua. Dirisha likashika ukungu, harufu ya tangawizi ikajaa chumbani, nami nikawa sijui niko wapi. Sikulala, lakini nilikuona. Ulikuwa mlangoni hapo Kibomet, unachagua maharagwe kwenye ungo, Mlima Elgon nyuma yako umezama mawinguni, na hukuwa na haraka. Nilitaka kukuita, nikaona afadhali nikutazame tu. Miaka minne sijakaa mchana mzima bila kazi, Mama Nanjala. Hamu yako ilinishika mpaka nikalia.

Ndipo nikapiga simu. Wewe ulikuwa umeenda kusaga, akashika Nanjala.

"Baba, leo hauendi kazi? Kwani wamekufuta?"

Nikamwambia napika, na nikija nitampikia chakula anachopenda. Anapenda nini?

"Si uulize mama. Yeye ndiye anajua."

Hakusema kwa ubaya. Alinisaidia tu, kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia. Baada ya hapo akanisimulia habari za meno yaliyong'oka na mwalimu mpya, nami nikawa naitikia mambo ambayo sikuyajua.

Jioni nyama iliiva, laini kabisa, tamu kupita nilivyotegemea. Nilikula kidogo, nyingine nikamwekea Kevo.

Leo asubuhi nimerudisha fomu bila sahihi. Mkataba wangu ukiisha mwezi wa nne, narudi.

Nisalimie mama mkwe kule Malakisi, kwa heshima zote, ila ya kupika usimwambie. Msalimie na kaka yangu anayetulimia shamba. Mwambie mwaka huu jembe la pili lisikose mpini, nitalishika mwenyewe.

Nyumba tutaihamia hivyo hivyo bila siling, dari itangoja. Mvua ikipiga mabati hatutasikilizana, na mimi sitakuwa na haraka ya kusema kitu.

Ni mimi, mume wako,
Baba Nanjala