Ukumbi wa Mzee Polycarpe

Fort Worth, Texas
9 Machi 2008

Kwako yaya Scholastique, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, shemeji Lévi na watoto. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba goti lako limeacha kulalamika kila mvua inaponyesha hapo kambini Nyarugusu. Sisi huku tunapumua. Charlotte bado anatunza wazee, mimi bado napakia maboksi ghalani, na binti yetu Zoé amekuwa mrefu kuliko mama yake na ananijibu kwa Kiingereza hata nikimwita aje kula. Tuliposikia mmepangiwa ndege ya mwezi ujao, Charlotte alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Barua hii nimempa Heritier, anayekuja Kigoma kumzika mama yake, aikabidhi mkononi mwako. Sikutaka maneno haya yapite kwenye simu ya kuazima huku watu wakisikiliza. Isome peke yako kwanza.

Nianze mbali kidogo, uniwie radhi; unajua sijawahi kufika sokoni kwa njia iliyonyooka. Jimbo hili limekatwa vipande zaidi ya mia mbili, kila kimoja wanakiita kaunti. Mwalimu wa Zoé aliwaambia watoto wachunguze majina ya kaunti hizo yalitoka wapi, basi jioni nzima mtoto akawa ananifundisha baba yake. Fort Bend, kule Houston mtakakoishi, ilipata jina kwa ngome iliyojengwa mahali mto unapopinda. Dallas je? Hata wenye vitabu hawakubaliani Dallas mwenyewe alikuwa nani. Nilicheka sana. Mji wenye maghorofa yote yale, na hawamjui baba yake.

Kisha akafika kwenye kaunti yetu, Tarrant. Huyo alikuwa jenerali. Aliongoza watu wenye bunduki mpaka kwenye vijiji vya wenyeji wa asili, kando ya kijito, wakavichoma. Mahali penyewe si mbali na sisi. Siku hizi kuna ziwa, watu wanavua samaki Jumamosi. Nilimuuliza Zoé waliochomewa nyumba walipewa kaunti gani. Akatafuta, akasema yako majina ya makabila, lakini jina la mtu hata mmoja hakuliona. Nikamwambia afunge kitabu tule.

Sasa Houston. Kanisa la Wakongomani huko limenunua jengo lililokuwa duka la fanicha, upande wa Sugar Land, liwe ukumbi wa harusi na matanga. Litaitwa kwa jina la Mzee Polycarpe, maana ndiye aliyetoa kuliko wote. Na si kutoa tu. Wageni wakishuka kwenye ndege, yeye yupo na makoti, kazi anawatafutia, hata meza ninayoandikia ilitoka kwake, ingawa wakati huo sikuwa nimemwona kwa macho. Ukimsema vibaya pale utaonekana mchawi.

Mwezi wa kwanza tulikwenda kusali nao. Mzee alisimama mlangoni, kama kawaida yake, akiwauliza watoto ukoo wao mmoja mmoja. Wazazi wanapenda, wanasema watoto wa huku wanasahau shina. Akamwekea Zoé mkono kichwani, akamuuliza, “Uko mutoto ya nani? Na baba yake ule njo nani? Na kilima yenu?”

Yaya, mtoto wangu huyu ambaye Kiswahili hakisemi hata akibembelezwa, siku hiyo alijibu yote kwa fahari. Akanitaja mimi, akamtaja baba yetu Mirindi, akataja kilima cha Nyamukaza tulikozaliwa. Ule mkono ukatoka kichwani pake. Halafu ukarudi taratibu, na mzee akanitazama mimi.

Naona umekwisha kuelewa, lakini acha niliandike. Ni yeye. Amenenepa na kujaa mvi, ila sauti ni ileile, na maswali ni yaleyale, kwa mpangilio uleule. Ni yule kamanda wa kizuizi cha njia ya Nyamukaza wakati wa vita, aliyewauliza watu majina ya baba zao ili ajue nani apite na nani apelekwe nyuma ya migomba. Baba alijibu kwa sauti, jina lake na la baba yake, wakampeleka. Wewe ukanishika mkono ukasema sisi ni watoto wa muuza chumvi aliyetufuata kwenye foleni. Yule mtu akaitikia, Mungu amrehemu, na ndiyo maana leo naandika.

Wiki chache baadaye alikuja kwetu, peke yake, bila kupiga simu. Akala fufu na sombe ya Charlotte, akasifu. Alipomaliza kunawa akaniambia polepole, “Vital, huku tulipata maisha ingine. Bya zamani tubiache kule.” Kisha akasema ameona jina lako kati ya wageni wanaotarajiwa, na atawapokea yeye mwenyewe. Nyumba mtakayoingia ameitafuta yeye, na funguo anazo. Ukumbi utafunguliwa Jumapili itakayofuata kufika kwenu, na amekuchagua wewe uvute kitambaa kwenye jina lake mbele ya watu wote. Alisema hayo akitabasamu, macho yake kwa Zoé. Tangu hapo naogopa, yaya. Gari likipunguza mwendo nje, nasimama.

Charlotte anataka ninyamaze, kwa sababu ya mtoto. Mchungaji sijamwambia. Neno langu peke yangu, mbele ya ukarimu wote ule, litaitwa wivu. Walioisikia sauti ile kizuizini na bado wako hai, ninaowajua mimi, ni wewe na mimi.

Sikuandikii ili usije. Ukiikosa ndege hii, foleni ya kambini unaijua. Njoo. Nimeandika ili moyo wako usisimame utakapomwona na koti mkononi. Hamtalala katika nyumba ile. Nitawachukua mje kwetu, tubanane. Jumapili hiyo tutarudi Houston, nawe utakapoitwa mbele, usikivute kile kitambaa. Waambie watu wewe ni mtoto wa nani, na nani alimuua. Ukiona huwezi, kaa tu, sitakulaumu hata kidogo. Nitasimama mimi.

Msalimie shemeji, na binti yenu Rosette mwambie Charlotte amemwekea viatu vya shule. Ukishasoma, choma karatasi hizi. Nimeandika nyingine kama hizi nikampa Charlotte, kwa lolote litakalonipata kabla hujafika.

Ndugu yako,
Vital, mtoto wa Mirindi