Maji Niliyoyaogopa

Kumsenga, Jumapili, 1996. Mvua imekatika mchana, na ukungu umelala juu ya mihogo kama haujui pa kwenda. Mwili wangu mwepesi. Natembea humu nyumbani kama mgeni.

Leo nimebatizwa.

Tangu tulipovuka mto Malagarasi tukikimbia vita kule Burundi, sikuwahi kuingia mtoni tena. Mdogo wangu, Yasinta, alichukuliwa na maji nikiwa nimemshika mkono. Kuokoka nimeokoka mwaka jana, lakini kila siku ya ubatizo ilipofika nilisema naumwa.

Leo mchungaji alinikuta nimesimama kwenye majani ya ukingoni mwa mto, siingii.

"Dada Spesiyoza, Mungu hana haraka. Ukishindwa leo, tutarudi siku nyingine."

Jirani yangu Mama Yeremia, bibi wa Kiha aliyebatizwa zamani, alivua kandambili akaingia majini na gauni lake la kanisani, mpaka kiunoni. Akaninyooshea mkono.

"Njoo, mwana wanje," akaniita mwanawe kwa Kiha.

Nikaenda.

Yaliyofuata nayakumbuka kama ndoto. Maji yalipanda magotini, kiunoni, kifuani. Mchungaji akanizamisha. Kule chini kulikuwa kimya, na mwanga wa kijani. Nikamwita Yasinta moyoni. Sijui kama nilimwona. Nilihisi tu vidole vyangu, vilivyokuwa vimekaza miaka yote hii, vinafunguka vyenyewe, na aliyempokea Yasinta safari hii si mto.

Nilipoibuka watu walikuwa wanaimba. Mimi nililia kwa sauti, bila aibu, kama mtoto anayevuta pumzi ya kwanza.

Mume wangu, Baba Eliya, haendi kanisani. Huniuliza, "Huyo Yesu wenu alikuwa wapi siku ile?"

Niliporudi nilimkuta jikoni, amewasha moto.

"Nasikia umezaliwa leo. Mtoto mchanga hapiki. Kaa."

Akapika maharage. Yaliungua kidogo. Tulikula, kisha akauliza, macho yake kwenye moto:

"Maji yalikuwa baridi?"

"Mwanzoni tu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akasogeza kuni.

Bado anauchochea moto huo sasa ninapoandika, ingawa chakula tumeshamaliza. Sitamuuliza anawaza nini. Nitaweka kalamu chini, nikakae karibu naye.